Kiti Walichokirudisha Wote

Mwanangu Rukia,

Umetoka na bibi yako kwenda kuaga kwa kina shangazi, na najua mtachelewa kwa sababu kila nyumba itataka mle. Mimi nimebaki na sanduku lako. Nimelifungua, nikayakunja upya yale madera uliyoyarundika, nikalifunga tena. Sasa nakuandikia, maana tukikaa uso kwa uso tunaanza kwa maneno mazuri na kumalizia kwa kubamiza mlango, na mlango wenyewe ni wa bati, majirani wote wanasikia.

Sitakuandikia habari za ikama, kile kibali cha kuishi kule, wala za sabuni na pasi, wala mahali pa kuficha simu. Wakala amekwambia, wenzako walio huko wamekutumia video, na mimi nimekuimbia hayo mpaka ukaziba masikio. Kesho unapanda ndege kwenda Riyadh kufanya kazi ndani ya nyumba ya watu nisiowajua. Ni kazi ileile niliyoiendea mimi wakati wewe huna meno ya mbele. Mimi nimerudi juzijuzi, wewe unaondoka. Tumepishana mlangoni kama watu wanaopokezana zamu. Limeniuma, na nalisema hapa ili nisije nikalisema kesho uwanjani mbele za watu.

Lakini barua hii ni ya ile picha.

Ndiyo, ileile. Usigune. Jumatatu uliniuliza mbele ya mjomba wako Athumani, "Mama, kati yangu na hiyo picha, unapenda nini?" Nikanyamaza, nanyi mkaangaliana mkadhani sina jibu. Jibu ninalo. Ila ni refu, na siku ile hukutaka kusikia, ulitaka kushinda. Umenirithi mimi, sikulaumu.

Nyumba yangu ya kwanza ya kazi ilikuwa Riyadh. Katika majlis, kile chumba cha wageni, palikuwa na picha ya mchanga wa jangwa, ndefu ukuta mzima. Hapakuwa na ngamia wala mtende ndani yake, mchanga tu na mistari ya upepo. Kazi yangu ilikuwa kuifuta vumbi fremu. Sasa mwanangu, ukifuta fremu kwa haki utafanyaje usiitazame picha? Madam alinikuta nimesimama na kitambaa mkononi. "Yalla, shughul!" Fanya kazi. Nikafanya. Akanikuta tena siku nyingine, akapiga makofi masikioni mwangu kama anafukuza kuku. Mara iliyofuata aliinua simu akapigia maktab.

Maktab utaijua, ndiyo ofisi ya wakala wa kule. Miezi mitatu ya kwanza ni ya majaribio, hilo umesaini. Wasipokupenda wanakurudisha, kama mtu aliyenunua viatu vikambana. Ile yetu ilikuwa mtaa wa Al-Murabba, ghorofani, na mle ndani palikuwa na benchi refu. Waliorudishwa tulikaa kwenye benchi na mifuko yetu miguuni, na watu wapya wanakuja kututazama. Mwenye ofisi aliisoma sababu yangu kwa sauti, wenzangu wote wakasikia: "Hii inatazama sana."

Wengine pale walikuwa wamerudishwa kwa kuugua, au kwa kujibu, au kwa kukataa kula mabaki. Mimi kwa macho. Dada mmoja wa Kakamega alicheka mpaka akajifuta machozi, akaniambia, "Wewe macho yako uyaache hapa office ukienda nyumba ingine."

Nami nikamsikiliza, hapo ndipo nilipokosea. Kurudishwa halikuwa kosa langu, hilo sitalibeba hata mbele ya Mungu. Kosa langu ni kwamba niliamini sababu yao. Nilijifunza kutembea natazama vidole vyangu. Siku hizo ungeniuliza nyumba niliyomo ina madirisha mangapi, nisingejua. Nilikaa hivyo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukwambia, na hakuna aliyenisifu kwa hilo.

Aliyenitoa kwenye benchi ni Madam Hanaa, mwenyeji wa Jeddah. Hakuuliza macho wala nini. Aliuliza, "Anaweza kumnyanyua mtu mzima kitandani?" Mama yake alikuwa amepooza. Nikasimama nikamwonyesha mikono. Karatasi zikabadilishwa, yeye akawa kafili wangu, mdhamini wa kibali changu, nikashuka Jeddah. Simsifu sana, usije ukafika huko ukamtafuta malaika. Mshahara ulikuwa unachelewa mpaka nimkumbushe, na chai ikimwagika alikuwa na sauti ya kupasua kioo. Lakini alipofiwa na mama yake hakunirudisha maktab. Alikuwa na nyumba ya sanaa mtaa wa Al-Baghdadiyah, chini ya jengo kuukuu, katikati ya duka la mapazia na fundi wa viyoyozi. Akaniweka pale nipige deki, nichemshe kahawa ya wageni, na usiku narudi kulala nyumbani kwake.

Fikiria. Mtu aliyefukuzwa kwa kutazama anapelekwa mahali ambapo watu hulipa kutazama.

Mwanzoni nilipiga deki nimeinama, kuta zimejaa picha na mimi sioni hata moja. Siku moja Madam Hanaa aliniuliza picha ipi imening'inia upande, nikashindwa kumjibu. Akanivuta mkono akanisimamisha mbele ya mojawapo. Nikaanza kujikuna, nikamwambia sijui maana yake.

"Nimekuuliza maana? Niambie jicho lako limeanzia wapi."

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Halafu limeenda wapi?"

Hivyo tu. Hajawahi kunifundisha kingine, na mpaka leo nikiona picha ndivyo ninavyofanya. Naliacha jicho litembee, nami nalifuata nyuma kama mama anayemfuata mtoto aliyeanza kutambaa.

Usidhani niliamka siku hiyo nimekuwa mjuzi. Picha ya kwanza niliyoinunua Saudia unaijua, iko sebuleni kwa mjomba wako. Maporomoko ya maji, fremu ya dhahabu, ukichomeka kwenye umeme maji yanatiririka na ndege wanalia. Niliipata duka la vyombo, nikaituma kwa kago, na mlipoichomeka Idi ile mlinipigia simu wote mkipiga kelele. Nililia kwa furaha. Siichukii mpaka leo. Bibi yako anaipenda kwa dhati, na kitu mtu anachokipenda kwa dhati sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni na nafsi yangu, kwa sababu mimi sikuipenda hata dakika moja. Niliinunua kwa macho ya watu wa kwetu Ukunda. Nilijua nani atasema nini akiingia sebuleni, na hicho ndicho nilichokilipia.

Ile picha ya kiti, tunayogombania, ni habari nyingine.

Madam Hanaa alikuwa na desturi moja kwa wateja wake. Mtu akivutiwa na picha lakini moyo unasitasita, hamlazimishi. Picha inapelekwa nyumbani kwake ikae wiki. Aiamkie asubuhi, aione jioni taa zikiwaka, wageni waitazame. Wiki ikiisha, ama analipa ama inarudi. Dereva wetu alikuwa Musyoka, Mkamba wa Kitui, mpole, anayeimba nyimbo za kanisani kwa pua tu mdomo umefungwa. Yeye ndiye aliyezipeleka na kuzifuata. Madam akikaa mbele, mimi nyuma nazishika fremu zisigongane, zimefungwa blanketi la kijivu.

Kile kiti tulikipeleka na kukifuata mpaka kikawa kama abiria wetu. Wewe umekiona ukapita, basi nikutazamie. Ni ukuta wa nje wa nyumba ya kitajiri, na karibu picha nzima ni ukuta. Chini kwenye kona pana kiti cheupe cha plastiki, mguu mmoja umefungwa waya, na juu yake boksi limekunjwa likawa mto. Ni kiti cha haris, mlinzi wa getini. Haris mwenyewe hayupo.

Nyumba ya kwanza waliirudisha kwa sababu wageni waliuliza kiti ni cha nani na mwenye nyumba akakosa la kusema. Ya pili ilikuwa Riyadh, tukasafiri nayo kutwa nzima, wakasema haipatani na zulia. Ya tatu ilikuwa ya bwana wa palepale Jeddah. Alisema kiti kama hicho kiko nje ya geti lake, akitaka kukiona atafungua dirisha.

"Mama Rukia, hii kiti imerudi tena," Musyoka aliniambia akiishusha. "Hii kiti ni kama sisi tu, ai. Inapelekwa, inaangaliwa, inarudishwa. Tofauti ni haiulizwi passport."

Nikacheka. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuumwa. Tulipoifuata Riyadh, Musyoka alipita Al-Murabba kukwepa foleni, nikaliona jengo la maktab. Bango wamelipaka rangi mpya. Madam amesinzia kiti cha mbele, mimi nyuma mkono wangu uko juu ya blanketi. Nikajikuta nalipapasa polepole, kama unavyombembeleza mtoto aliyetoka kudungwa sindano. Nikasema moyoni, Saumu, sasa umerukwa na akili.

Basi iliporudi mara ya tatu nilimwambia Madam Hanaa kwamba naitaka mimi. Alinitazama nikadhani atanicheka. Hakucheka. Alisema, "Sharti ni lilelile kwa kila mtu. Ichukue ikae kwako wiki."

Kwangu! Kwangu kulikuwa chumba cha kando ya jiko, kitanda, kabati na meza ya pasi. Musyoka aliitundika juu ya meza ya pasi kwa sababu ukuta mwingine haukuitosha. Nikapiga pasi kanzu za watu na kile kiti kinanitazama. Siku za mwanzo, mwanangu, niliichukia. Niliona ukuta tu. Nikajiuliza mtu mzima na akili zake anatundikaje ukuta juu ya ukuta.

Halafu jioni moja napiga pasi, nikaona ukuta ule si mweupe. Chini karibu na kiti una uwaridi, kidogo sana, kama ukucha wa mtoto. Juu una ukijani. Pale kivuli kinapoanza pana rangi ambayo mpaka leo sina jina lake. Nilizima pasi nikakaa kitandani. Nilikuwa nimeishi miaka katikati ya kuta nyeupe nikiamini ni nyeupe. Na nilifurahi, Rukia. Nataka ulijue neno hilo. Watu wakisema habari za Saudia wanasema shida na pesa tu, na mimi nakwambia palikuwa na jioni nilifurahi peke yangu katika chumba cha kando ya jiko, bila ruhusa ya mtu.

Kesho yake mjomba wako alipiga simu. Bati zimepanda bei, nyumba ya mama inavuja. Nikaitazama ile picha, nikaona aibu. Nikajiona mjinga anayetaka kula kwa mikono ya wenye nyumba. Nikamwambia Musyoka aje aichukue.

Alikuja na blanketi. Aliisimamisha sakafuni akaanza kuifunga, polepole, na safari hii haimbi. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Hata wewe, Mama Rukia?"

Nikarudi kupiga pasi, na mbele yangu ukuta uliobaki una madoa ya mvuke. Nimetukanwa sana katika maisha yangu na nimeyasahau mengi, ila yale maneno mawili bado nayasikia. Mimi niliyekaa kwenye lile benchi nilikuwa nimekwenda kumkalisha mwingine.

Bati zilinunuliwa, usijali, hakuna aliyelowa. Ila Ijumaa ile baada ya swala alikuja mteja pale Al-Baghdadiyah, mzee wa suti na mkewe. Wakazunguka, wakasimama mbele ya kiti. Mke akasema si mbaya, wajaribu wiki. Madam Hanaa akamwita Musyoka alete blanketi. Mimi nimesimama na sinia la kahawa.

Sijui nikwambie nini kilinipanda. Katika droo ya meza mna vibandiko vidogo vyekundu. Picha ikishauzwa, kibandiko kimoja kinawekwa ukutani kando yake, na hapo hata aje nani haiguswi tena. Niliweka sinia chini, nikavuta droo, nikatoa kimoja, nikapita katikati ya yule mzee na mkewe, nikakibandika. Kidole changu kilikuwa na unga wa kahawa, ukaacha alama ukutani.

"Hii imeshauzwa," nikasema.

Mzee akamtazama Madam Hanaa. Madam akanitazama mimi, sura yake imekuwa nyekundu kuliko kile kibandiko.

"Nani ameinunua?"

"Mimi."

"Wewe uliirudisha!"

"Nimeirudia."

Sikuinamisha macho. Nilijua anaweza kunirudisha maktab siku hiyohiyo, na ningerudi kwenye benchi na sababu mpya ya kusomwa. Lakini nilimtazama, na nikamtazama yule mzee, na mkewe, mmoja mmoja, nikaona wote wana macho kama yangu tu. Madam aliwaonyesha wageni picha nyingine, ya farasi, wakaondoka nayo. Walipotoka alinipigia kelele nusu saa. Alipochoka akakaa, akataka kahawa. Akasema, "Itakatwa kwenye mshahara wako mpaka iishe. Na ule ukuta ufute." Ikakatwa mpaka ikaisha. Ukuta niliufuta. Musyoka aliimba njia nzima tulipoipeleka kwangu, safari hii kwa mdomo.

Mchoraji wake nilikuja kumwona. Mwanamke wa makamo, mikono ya abaya ina rangi kavu. Nilimpa kahawa nikamwambia mimi ndiye mwenye kiti. Nikamwambia nimemlilia sana yule haris, nimejiuliza kama amekufa, au amefukuzwa, au amerudishwa kwao.

Akacheka. "Haris? Sijui kuchora watu, dada. Nikichora mtu anatoka kama gunia. Nikamwacha."

Nilikasirika siku mbili. Halafu nikaona, aka, yeye kachora kwa sababu zake, mimi nimelia kwa sababu zangu, na machozi yangu simrudishii mtu.

Basi nimerudi nyumbani nayo, imefungwa lile blanketi la kijivu. Musyoka alinipa siku ya kuondoka, akasema halina kazi nyingine. Na mmenipokeaje? Mjomba wako aliifungua mbele ya wageni akaigeuza nyuma na mbele. "Dada, umekaa Saudia miaka yote hii umerudi na kiti cha plastiki? Si vimejaa hapo stendi?" Watu wakaangua kicheko na wewe ukacheka, nikakuona. Nikachukua nyundo nikaitundika mwenyewe, msumari wa inchi nne. Nilishawekwa kwenye benchi na watu wenye magari. Kicheko cha Athumani kitanifanya nini?

Kisha Madam Hanaa akatuma ujumbe wa sauti. Mchoraji amekuwa mtu, michoro yake inatafutwa, na Madam mwenyewe yuko tayari kuinunua tena ile picha kwa bei ambayo nilipoirudia kwa Kiswahili mjomba wako alikaa chini. Tangu siku hiyo kiti kimekuwa kizuri! Anakisifu mpaka waya wa mguuni. Anataka tuuze tununue kiwanja cha kule barabarani, tujenge vyumba vya kupangisha. Na wewe ukawa upande wake. Nami nikakuuliza neno moja tu, unalikumbuka: "Nikiiuza, utabaki?"

Ukasema, "Hapana, Mama. Hata ukiuza nitaenda. Nataka nikaone mwenyewe."

Ungesema utabaki, wallahi ningeishusha kabla ya adhuhuri. Nisingeuliza kiwanja wala vyumba. Ningeiuza kwa ajili yako, ukasome, ufungue duka, ulale mpaka saa nne, shauri yako. Mimi si mwehu wa kupenda kitambaa na rangi kuliko mtoto niliyemzaa kwa siku mbili za uchungu. Lakini umesema utaenda, na nilipoona macho yako nilijua hutanii. Umeyapata wapi hayo macho, sina haja ya kuuliza.

Ndiyo maana siiuzi.

Sikiliza. Wanawake wale wa kwenye benchi, unajua kwa nini tulikubali nyumba yoyote iliyokuja? Si kwa woga wa kazi. Ni kwa sababu nyuma yetu hapakuwa na kitu. Nyumbani palikuwa na deni la wakala, bati, karo, na watu wanaosubiri simu. Mtu asiye na pa kurudi humwambia bosi ndiyo hata pale mwili mzima unapokataa. Nilisema ndiyo nyingi, Rukia. Nyingine sitakusimulia, na sitaki uzijue kwa kuzipitia.

Wewe hutakwenda hivyo. Watakupima miezi mitatu, nawe wapime. Watakutazama, watazame. Mwenye macho haambiwi tazama, nami nakwambia asikukataze mtu pia. Wakisema hufai, ni neno lao, usilibebe kwenye mfuko ukalileta nyumbani. Kile kiti kimeambiwa hakifai Jeddah na Riyadh, na mimi mwenyewe nikakiambia, na uwaridi wake ulikuwa palepale siku zote, hata kilipogeuziwa ukutani stoo.

Na usidhani nimeigeuza benki. Benki siiamkii asubuhi nikaitazama nikinywa chai. Ikiwa hutaihitaji kabisa, ikiwa utapata watu wenye utu ukakaa salama, nitafurahi kuzeeka nayo, na nikifa ni yako, wala Athumani asiisogelee na futi yake ya kupimia viwanja. Ninaipenda. Siku nitakayoishusha nitalia, na ninakwambia mapema usije ukashtuka.

Lakini nitaishusha. Hilo ndilo jibu la swali lako la Jumatatu.

Blanketi la Musyoka nimelifua leo. Nililianika uani ukaniuliza la nini, nikakwambia la baridi, nawe ukanitazama kwa sababu Ukunda hakuna baridi. Liko juu ya kabati langu, limekunjwa. Ukifika huko na mambo yakageuka, usiandike maelezo marefu, usijitetee. Nipigie sema "halas" tu, basi imetosha. Sitakuuliza umefanya nini. Nitaishusha picha, nitaifunga, nitaipeleka inakotakiwa kwenda, nawe utapanda ndege kwa pesa ya mama yako, huna kafili wa kumlilia wala mtu wa kumshukuru.

Msumari nitauacha ukutani. Ukirudi tutatafuta pamoja cha kutundika.

Mama yako,
Saumu